Kinyozi wa Maabara ya Misuli

Kabla hajavaa koti jeupe alikuwa kinyozi, na jina hilo halikumtoka. Profesa alimwita Kinyozi, wanafunzi walimwita Kinyozi, hata mlinzi wa getini, mwenye daftari lenye majina kamili ya wafanyakazi wote, aliandika Kinyozi tu na kugeuza ukurasa. Mwenyewe hakuchukia. Chuo kilimwajiri miaka kumi na moja nyuma kwa kazi moja, kunyoa mikono na miguu ya watu waliokuja kupimwa misuli, kwa sababu wanafunzi walikuwa wakiwachanja watu kwa nyembe mpaka wengine wakaapa kutorudi.

Wengi wakisikia neno maabara hudhani ni chupa na moshi. Pale hapakuwa na chupa. Palikuwa na kitanda chembamba chenye mikanda, kompyuta mbili, boksi la nyaya na sinki lenye bomba linalovuja. Msuli wa binadamu ni fungu la nyuzi nyembamba, na mtu anapotaka kunyoosha mguu, amri hushuka kwa mshipa wa fahamu mpaka ndani ya msuli. Hapo cheche ndogo ya umeme hukimbia kwenye kila uzi kwenda ncha zake mbili. Cheche hiyo husikika mpaka juu ya ngozi, ingawa kwa kufifia, kama mazungumzo ya chumba cha pili. Ukibandika utepe wenye vidoa vinane vya chuma, cheche hupita chini ya kidoa cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha tatu, na kompyuta hupiga hesabu ya kasi yake. Kasi hiyo husema mengi kuhusu nyuzi: kama zimenenepa au zimesinyaa, kama zimechoka, kama zinapona baada ya ugonjwa. Yote hayo bila sindano wala tone la damu.

Ila ngozi ikiwa na nywele au mafuta, mashine haisikii kitu. Ndiyo maana akahitajika kinyozi. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kutazama kazi za wenzake, miaka haikupita mingi akawa anafanya na zile zilizobaki: kusugua ngozi kwa sponji, kupangusa kwa spiriti, kupapasa msuli kwa ncha ya kidole, kupima kwa rula, kubandika utepe bila kuacha hewa chini yake. "Mkono wa Kinyozi haukosei," Profesa alipenda kuwaambia wageni, na Kinyozi alijifanya kushughulika na waya huku masikio yamemsimama.

Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, ugonjwa wa mistari. Katika kunyoa, fundi hujulikana kisogoni. Mstari wa kisogo ukipinda, hata uso ukipendeza vipi, kazi imeharibika. Kinyozi alibeba ugonjwa huo kila mahali. Akienda kwa watu alinyoosha mapazia yao. Msibani aliwahi kushindwa kulia vizuri kwa sababu mtu wa mbele yake alikuwa amenyolewa upande. Mkewe alikuwa akisema kwamba Mungu angemwita huyu siku ya kuumba, mito yote ingekuwa mifereji.

Sasa akaja Binti. Alikuwa mwanafunzi wa shahada ya juu, mwembamba, mwepesi wa kucheka, na tangu wiki ya kwanza akamwita Kinyozi mjomba, kwa madai kwamba akikasirika anafanana kabisa na kaka wa mama yake. Kinyozi alikuwa na watoto wa kiume watupu nyumbani, wenye kuongea naye kwa miguno. Neno mjomba lilimwingia kama maji ya moto kwenye baridi. Naye akamwita mpwa wangu, na akaanza kufika kazini nusu saa mapema.

Utafiti wa Binti ulihusu watu waliopasuliwa goti. Baada ya upasuaji, msuli wa ndani ya paja, ule unaovimba kidogo juu ya goti, hulegea, na Binti alitaka kujua nyuzi zake hurudi lini katika hali yake. Alihitaji watu arobaini na wawili. Maabara ilikuwa imezoea misuli ya mkono na ya muundi, ambayo nyuzi zake hufuata urefu wa kiungo, na huko mstari wa Kinyozi ulikuwa sahihi siku zote. Msuli huu ulikuwa mgeni kwake. Kwa hiyo Profesa akaja mwenyewe siku moja, akamlaza mwanafunzi kitandani, akachora kwa kalamu juu ya paja lake mahali pa kubandika utepe. Akachora mshazari, upande kabisa, kama mkanda wa mkoba unavyokata kifua.

Profesa alikuwa mzee. Kikombe kikiwa mkononi mwake kilicheza, na miwani yake ilikuwa mizito. Kinyozi alipouona mstari ule moyo ulimwuma kwa huruma. Akajisemea kwamba mzee wa watu mkono umemchoka, na kwamba si vizuri kumuumbua mbele ya wanafunzi. Profesa hakueleza sababu ya kupinda, kwa kuwa kwake lilikuwa jambo lililo wazi kama mchana. Kinyozi hakuuliza, kwa kuwa fundi mzima haulizi mbele ya watoto. Profesa alipotoka tu, Kinyozi akachukua pamba yenye spiriti, akaufuta mstari wa mzee kwa heshima zote, akachora wake, ulionyooka sawasawa na paja. Binti alikuwa upande wa kompyuta, hakuona. Na kuanzia siku hiyo watu thelathini na mmoja walibandikwa hivyo, mmoja baada ya mwingine, kwa unadhifu mkubwa.

Wa thelathini na mbili alikuwa mwendesha baiskeli wa mashindano. Hakuwa na mafuta hata ya kupaka mkate. Kinyozi alimnyoa, akamsugua, akambandika, akamwambia akaze mguu ajaribu. Mguu ulipokazwa, msuli ukachomoza chini ya ngozi, na nyuzi zake zikaonekana waziwazi, zikishuka mshazari kuelekea goti, pale pale Profesa alipochora. Utepe wa Kinyozi ulikuwa umezikata katikati kama mtu anayevuka barabara, na utepe ukikaa hivyo cheche hufikia vidoa karibu kwa pamoja, kompyuta ikadhani ina mbio kuliko ilivyo.

Kumbe mkono wa Profesa haukuwa umechoka. Kinyozi akaubandua utepe, akaubandika upya kwa kufuata nyuzi. Binti akapima. Kompyuta ikatoa mita nne na nusu kwa sekunde. Wale thelathini na mmoja wa kabla yake wote walikuwa wamecheza kwenye saba.

Binti akakunja uso mbele ya skrini. "Mjomba, huyu mbona yuko peke yake?"

Hapo ndipo pa kusema palipokuwa. Mlango ulikuwa wazi, swali limekuja lenyewe, hakuna aliyekuwa na hasira. Kinyozi aliona miaka kumi na moja ya mkono usiokosea ikisimama mbele yake, akaona aibu, na aibu ikamjibia.

"Labda waya ulilegea," akasema.

Binti alimwamini. Akapiga mstari mwekundu juu ya kipimo cha mwendesha baiskeli, kipimo pekee kilichokuwa cha kweli, akakitupa.

Siku mbili baadaye Kinyozi alimkuta Binti analia, ameinamia meza. Alikuwa amelinganisha namba zake na za watafiti wengine, akaona kwamba msuli wa binadamu haukimbizi cheche kwa mita saba. Watu wote ulimwenguni wanapata nne, wanapata tano. Alijiona mjinga. Alisema pengine kuna mahali kwenye hesabu amekosea umbali wa vidoa, na kwamba hajui aanzie wapi. Kinyozi alimchemshia chai, akaweka sukari vijiko vitatu kama apendavyo, akakaa karibu naye. Kisha, kwa sauti ya mjomba hasa, akamshauri arudie hesabu zake taratibu, tangu mwanzo.

Binti akazirudia. Wiki tatu nzima. Alipomaliza akazirudia tena. Alikonda, akaacha utani, akawa anaongea na kompyuta kwa sauti ndogo. Nao watu waliendelea kuja kupimwa, kumi zaidi, na Kinyozi akajikuta kwenye mtego wa kujitegea mwenyewe: akiwabandika kwa usahihi, tofauti itaonekana na watu watauliza. Basi akawabandika vibaya, sasa kwa kujua, ili wafanane na wenzao. Kila alipokandamiza utepe kwa kidole gumba alitazama pembeni. Usiku alilala usingizi wa sungura, na asubuhi alipojiangalia kwenye kioo ili anyoe ndevu, hakujiangalia machoni.

Mambo yalifika kwa Profesa mwezi wa sita. Ijumaa moja akaitisha kikao ofisini kwake: yeye, mama mhadhiri wa takwimu, Binti, na Kinyozi aliyeitwa kuja kujibu swali moja. Profesa hakupandisha sauti. Alisema hesabu za Binti amezikagua, hazina kosa. Kama hesabu hazina kosa na namba haziwezekani, basi ama upimaji una kasoro ama namba zimepikwa. Na upimaji, akasema, ulikuwa mikononi mwa mtu anayemfahamu. Akamgeukia.

"Kinyozi, ulibandika kama nilivyokuonyesha?"

"Ndiyo, Profesa."

Binti alitikisa kichwa kukubali. Hilo ndilo lililomchoma Kinyozi kuliko yote, kwamba mtoto wa watu alikuwa akimtetea. Akasema hata yeye hana shaka na mjomba, na kwamba kosa lazima liwe lake, ila hajui ni lipi. Wakampa mpaka Jumatatu alete maelezo. Asipokuwa nayo, jina lake litaondolewa kwenye orodha ya shahada, na barua itaandikwa kwamba vipimo vyake vinatiliwa shaka. Kila aliyekuwa chumbani alijua maana ya barua hiyo. Mtafiti aliyeandikiwa hivyo hapokewi popote tena.

Jumamosi Kinyozi hakula mchana. Mkewe, aliyekuwa akikunja nguo zilizotoka kuanikwa, alimwuliza kuna nini, na yeye akamwaga yote, tangu mstari wa Profesa mpaka ile ndiyo ya ofisini. Alitegemea kuambiwa pole. Mkewe aliendelea kukunja. Alikunja mashuka mawili na shati ndipo akasema kwamba mficha uchi hazai. Kinyozi akaanza kujieleza: alifanya kwa heshima, mzee mkono unamtetemeka, nani angejua.

"Hapo sikulaumu," mkewe akasema. "Lakini yule mtoto anakuita mjomba. Mjomba gani huyo?"

Kinyozi akainuka. Akaenda kukaa uani, na hata huko aliona haya, kana kwamba majirani wote wameambiwa.

Jumatatu alfajiri alijifungia bafuni na mashine yake ya zamani. Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema, na hawakukosea: paja lake lilikuwa na nywele ngumu, na mwanga wa bafuni ulikuwa hafifu. Alijikata mara mbili. Akabandika plasta, akavaa bukta ndani ya suruali, akaenda kazini bila kunywa chai.

Aliwakuta wote watatu maabara. Binti alikuwa ameleta karatasi moja tu, na macho yake yalionyesha imeandikwa nini. Kabla hajaisoma, Kinyozi akasema. Hakupanga maneno. Alisema kosa si la Binti, ni lake; kwamba alifuta mstari wa Profesa na kuchora wake; kwamba watu wote wamebandikwa hivyo isipokuwa yule mwendesha baiskeli.

Profesa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatabasamu kwa upole. "Una roho nzuri, Kinyozi. Lakini huruma haisahihishi namba. Mimi nakujua, mkono wako haukosei."

Mama wa takwimu naye akatikisa kichwa, akamwambia ni uungwana kumkingia kifua binti, ila si hivyo. Binti mwenyewe akamshika mkono, akamwambia kwa sauti ya chini asijiharibie kazi kwa ajili yake. Kinyozi alitamani sakafu ipasuke. Alikuwa amesema uongo mara moja wakamwamini. Sasa anasema kweli, wanamsifu.

Basi akavua suruali. Mbele ya Profesa, mbele ya mama wa takwimu mwenye umri wa dada yake mkubwa, akabaki na bukta na soksi, akapanda kitanda alichowalaza watu kwa miaka kumi na moja. Miguu yake ilikuwa myembamba, na paja moja jeupe kwa upya wa kunyolewa likiwa na plasta mbili. Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akamwomba Binti ambandike mara mbili: kwanza sawasawa na paja, halafu mshazari, kama alivyochora Profesa.

Binti akasugua, akapangusa, akabandika. Kinyozi alikaza mguu dhidi ya mkanda kwa nguvu zake zote, kidevu kikitetemeka. Mita sita nukta tisa. Akabandua, akabandika mshazari. Kinyozi akakaza tena. Mita nne nukta tatu.

Profesa alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akasoma tena skrini. Kisha akasema yeye ndiye aliyepaswa kurudi kuangalia hata mara moja, na hakurudi. Alimwambia Binti kwamba barua haitaandikwa, kwamba namba zake zilikuwa za kweli za kipimo kibovu, na kwamba atapewa muda wa kupima upya. Mama wa takwimu akampiga Kinyozi begani, akasema si wengi wenye ujasiri huo. Wakatoka, wawili hao, wakizungumza kwenye korido kwa sauti za watu waliopona.

Binti hakutoka. Alibaki amesimama mbele ya kompyuta, mgongo umemgeukia.

"Ulijua lini?"

Kinyozi angeweza kusema jana. Nani angembishia?

"Siku ya mwendesha baiskeli," akasema.

Binti alihesabu miezi kwa vidole, kimoja kimoja, akirudi nyuma mpaka mwezi wa tatu. "Nililia hapa. Ukanipa chai. Ukaniambia nirudie hesabu."

"Ndiyo."

"Nimezirudia mara nne."

Hakumwita mjomba, wala hakumwita jina lolote. Alikuja kitandani, akabandua utepe polepole asivute ngozi, akapangusa jeli iliyoachwa na utepe kwa kitambaa chenye maji mpaka paja likakauka, kwa uangalifu ule ule ambao angempa mtu yeyote aliyetoka mitaani. Kinyozi angependelea kofi.

Halafu Binti akakaa mezani, akafungua orodha ya watu, akaanza kupiga simu kutoka chini kwenda juu. Walikuwa arobaini na mmoja wa kuombwa warudi. Kwa wa kwanza alisema, "Nilikosea kwenye kipimo chako, naomba uniwie radhi." Kwa wa pili akasema vivyo hivyo: nilikosea. Kinyozi alikuwa bado amekaa kitandani na suruali mkononi, na kila nilikosea ilimpata mahali pale pale. Alisubiri aseme tulikosea, walau. Wa tatu, mwanamume, alisikika akifoka kwamba ameshachoka kuja na kwamba wanafunzi wa siku hizi wanachezea watu. Binti akamjibu kwamba ana haki ya kukasirika.

Wa nne alikuwa mama mshonaji, mmoja wa wale kumi wa mwisho. Kinyozi alimkumbuka vizuri. Alikuja na mkongojo, akauliza kama mguu unapona, naye, akiwa na kidole gumba juu ya utepe aliojua umekaa vibaya, akamwambia unaendelea vizuri sana, mama, usiwe na wasiwasi.

Simu ilikuwa ikiita. Kinyozi alivaa suruali, akavuka chumba, akanyoosha mkono. Binti alimtazama kwa mara ya kwanza tangu vipimo viishe. Kisha akampa simu.

"Mama," Kinyozi akasema, "mimi ndiye niliyekubandika ule utepe pajani. Nilikosea. Na nilipokuwa nakubandika, nilijua."

Upande wa pili cherehani ilikuwa ikisikika, mpaka ikasimama. Kisha mama yule akauliza, kwa sauti isiyo na ukali wowote, sasa mguu wake unapona au hauponi.

"Sijui, mama," Kinyozi akasema.

Alimwomba aje siku yoyote asubuhi, akasubiri mpaka mama alipokata mwenyewe, akamwomba Binti namba inayofuata.